Macho ya Kitasa

Sehemu ya Tano

Nyinyi wasomaji ni wepesi wa kuamini, na leo nitawaudhi.

Majuma manne sasa mnanisoma na kuniandikia barua. Mmenipa pole kwa jarida lililokufa likaniacha na vidole vyeusi na mikono mitupu. Mmenipa pole kwa meza yangu ya kuchorea iliyoishia kuwa meza ya kuuzia sabuni. Wiki iliyopita mkaanza kunipongeza, kwa sababu kampuni moja ya katuni ilinikuta juu ya ngazi nikiandika neno KINYOZI ukutani, ikanishusha, ikaniita Gwiji, ikaniambia inamfufua Kitasa, shujaa niliyemuumba mimi.

Mama mmoja ameniandikia kwamba alisoma akalia. Mama yangu, futa machozi. Kitasa sikumuumba mimi.

Ndiyo. Nimewadanganya nyinyi majuma manne, na kabla yenu nimewadanganya wengine miaka thelathini na miwili. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Labda ya waongo wa kwao. Yangu ilikuwa ndefu, ina lami, na kila nilipopita watu walinipungia mkono.

Kwa asiyemjua Kitasa, nanyi msiomjua ndio wengi, hakuwa shujaa wa kuringia. Haruki angani, habebi magari. Alikuwa bwana mwenye kitambi, kofia na koti refu la mvua, na nguvu zake zote zilikuwa kiganjani: mlango akiugusa haufunguki tena mpaka atakapotaka yeye. Jambazi akiingia dukani, Kitasa anagusa mlango kwa nje, anakwenda zake kulala. Asubuhi askari wanamkuta jambazi amekaa juu ya sanduku, ana njaa, anaomba apelekwe jela. Hadithi ndiyo hiyo, toleo baada ya toleo.

Na hakuwa na macho. Kutoka kwenye nyusi mpaka puani palikuwa peupe, ngozi tupu.

Tulitoa matoleo arobaini na moja, kisha jarida likafa na hakuna aliyelia. Watoto waliompenda walikuwa wachache, wale wa kukaa peke yao kwenye kona ya darasa. Mmoja wao amekua, amekuwa mkurugenzi wa hiyo kampuni ya katuni, na ndiye aliyekuja kuniharibia maisha.

Lakini kwanza niwaeleze kazi ilivyokuwa, ili muone wizi wenyewe ulivyofanyika.

Picha ya katuni zamani ilipita mikono miwili. Wa kwanza alichora kwa penseli ya bluu hafifu. Wa pili, mpiga wino, alipita juu ya ile bluu kwa kalamu ya nibu na wino mweusi. Kisha karatasi ikaenda kiwandani kupigwa picha, na kamera za siku zile zilikuwa hazioni bluu. Weusi unatoka, bluu inapotea, hakuna haja ya kufuta kitu.

Mimi nilikuwa wa pili. Nipe mstari wa bluu niufuate, mji mzima hakuna wa kunishinda. Nipe karatasi tupu nikuchoree mtu, nitakupa gunia la mkaa lenye miguu.

Wa kwanza alikuwa mpiga taipu wa ofisi. Alikuwa binti mkimya, na kope ya jicho lake la kushoto imelegea tangu kuzaliwa, basi ofisi nzima ikambandika jina la Nusu Usingizi. Wenzake wakienda kula mchana, yeye alibaki palepale kwenye taipureta yake na penseli ya bluu aliyoitoa kwenye droo ya mhariri. Kitasa alizaliwa nyuma ya barua za watu za kuomba kazi. Alinionyesha mimi peke yangu, kwa sababu niliwahi kumwambia asante, na pale ofisini neno hilo lilikuwa adimu.

Nikazipiga wino kurasa sita za kwanza. Desturi yetu ilikuwa kwamba aliyeshika karatasi mwisho ndiye anayetia saini, maana mhariri hakutaka majina mawili yagombanie kona moja. Nikatia saini. Mhariri akazikuta mezani kwangu, akazisoma akiwa amesimama, akasema, “Kumbe una akili.”

Nikamwambia asante.

Binti alikuwa mlangoni na bahasha za kupeleka posta, akasikia. Akaenda zake posta. Mwaka uliofuata nilimuoa, na nyinyi mmekuwa mkimsoma humu tangu sehemu ya kwanza kwa jina la Mama Pacha.

Najua mnachosema huko mliko. Semeni tu, mimi mwenyewe nimeshasema zaidi.

Na macho, kwa wale mlioniuliza, niliyasahau. Bluu ilikuwa imefifia, haraka ilikuwa nyingi, toleo la kwanza likatoka na shujaa kipofu. Wasomaji wakaandika kuuliza. Mama Pacha, kwa akili zake, akatunga kwamba Kitasa haoni kwa macho, anaona kwa kiganja. Mhariri akanipongeza mimi kwa ubunifu. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mke wangu siku zile, na hivyo ndivyo nilivyowaandikia nyinyi wiki ya pili.

Sasa turudi kwa mkurugenzi. Mimi namwita Maono, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo. Tuna maono. Haya ndiyo maono. Gwiji, umeyaona maono? Ofisini kwake hakuna kiti chenye mgongo. Watu wanakalia mifuko mikubwa ya mpira, na mzee kama mimi akishakaa humo anahitaji watu wawili wa kumnyanyua, nao watanyanyua huku wakimwita Gwiji.

Huko ndiko alikonionyesha Kitasa wake mpya. Kitambi hakipo. Tumbo limepangwa misuli kama mikate ya duka, mstari kwa mstari. Koti la mvua limevuliwa, amevaa nguo ya kubana ambayo mtu mwenye mama yake hai hawezi kuivaa. Milango haigusi tena, anaifunga kwa simu. Nikauliza, kama anafunga kwa simu, si awe karani wa benki tu? Wakacheka wote, wakaandika kwenye daftari zao kwamba Gwiji ana utani.

Kitu kimoja tu hawakukigusa. Macho. Maono alisema kukosa macho ndiko kunakomtofautisha na mashujaa wengine wote duniani, kwa hiyo wameandika HAONI. ANAJUA. kwenye fulana, kwenye kofia, na kwenye vikombe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Kitasa wa Maono alikuwa anatembezwa mpaka kwenye vikombe vya chai.

Mwisho akaniambia kwamba Jumamosi saa nne asubuhi kutakuwa na uzinduzi, wageni mia mbili na waandishi wa habari. Nitasimama jukwaani, nitamchora Kitasa palepale kwenye ubao mkubwa, na kamera itaonyesha mkono wangu kwenye skrini ukutani. Akauliza kama nitaweza.

Nikasema bila shaka. Hapo ndipo tulipoishia wiki iliyopita.

Nilikuwa na siku nne. Siku ya kwanza na ya pili nilijifungia kwenye karakana yangu ya mabango nikajaribu. Sitaeleza sana. Fundi viatu wa jirani aliingia kuazima gundi, akazitazama karatasi sakafuni, akaniuliza kama nimepata kazi ya tangazo la mapipa ya maji. Nikamwambia ndiyo. Akasema yamependeza, ila mbona pipa moja lina mikono.

Siku ya tatu nikaenda kwa mwenye Kitasa wake.

Mama Pacha ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ni chake: cherehani, pasi, meza ndefu ya kukatia, na rundo la magazeti haya haya mnayosoma. Yeye hayasomi, anayakatia patroni za nguo. Sehemu ya kwanza ya hadithi hii ilikatwa kola ya sare ya shule, ya pili ikawa mkono wa blauzi. Ndiyo maana nimekuwa na ujasiri wa kuandika humu.

Alikuwa ameinama mezani na chaki, anapiga mstari wa kiuno kwenye kitambaa. Nikasimama pale nikazungumzia joto. Nikauliza kama watoto wamepiga simu. Nikasifu pasi. Yeye akaendelea na chaki yake, mstari unatoka mmoja, hautetemeki, hana rula. Na mimi, niliyeishi na huyu mtu nyumba moja miaka yote hii, ndiyo siku niliyoona kwa mara ya kwanza kwamba mke wangu hajaacha kuchora hata siku moja.

“Baba Pacha,” akasema bila kuinua kichwa, “mkasi unasubiri kitambaa. Sema.”

Nikasema. Nikaeleza uzinduzi, ubao, skrini. Nikamweleza na ujanja niliokuwa nimeufikiria: yeye achore ubaoni kwa bluu hafifu, mimi nipite na wino mbele za watu. Taa za jukwaani ni kali, kwa mbali ubao utaonekana mweupe, hakuna atakayejua. Nikaliita jambo lenyewe msaada mdogo.

Akaweka chaki chini.

“Hao wanaomfufua, wameniuliza mimi?”

Nikasema hawakuniuliza habari zake.

“Hawajui kwa kuwa hawakuuliza, au kwa kuwa hukusema?”

Nikaanza kuzungukazunguka. Nikasema mambo ya kampuni yana taratibu zake, karatasi zimeshasainiwa, jina langu limeshachapwa mpaka kwenye vikombe.

“Vikombe,” akasema.

“Vikombe mia tatu,” nikasema, kana kwamba idadi itanitetea.

Nilitaka anitukane. Wallahi nilisimama pale naomba tusi, kwa sababu mtu akikutukana angalau mnakuwa mmegawana makosa. Hakunitukana. Alikunja kitambaa, akakiweka pembeni, akaniuliza ubao una ukubwa gani.

Nikakimbilia mjini kununua penseli ya bluu kabla hajabadili mawazo. Maduka matatu. La tatu muuzaji akataka kujua mtoto wangu yuko darasa la ngapi. Niliporudi, Mama Pacha aliitazama ile penseli, akasema bluu hii ni ya watoto kupakia mbingu rangi. Akafungua kopo lake la vifungo, akatoa ya kwake, imebaki ndefu kama kidole cha mwisho.

Sikujua anayo. Nimekula meza moja na huyu mwanamke, nimezaa naye, nimemzika naye mama yake, na kwenye kopo la vifungo alikuwa na penseli ya bluu, mimi sina habari. Nilijisikia vibaya, na nilijisikia vibaya zaidi kwa sababu palepale nilifurahi kwamba anayo.

Ijumaa niliuleta ubao nyumbani, naye akauchora mchana akiwa amefunga mlango. Mimi nilikaa barazani nikajifanya nasafisha nibu. Mara mbili nilimsikia akicheka peke yake. Alipotoka, ubao ulikuwa umefunikwa shuka na kupigwa pini kila upande.

“Usiufungue hapa,” akasema. “Ukiuona utaanza kuurekebisha.”

Nikaapa sitaufungua.

“Piga wino kila kitu nilichochora. Na mimi nitakuja.”

Nilikuwa nimeomba kimoyomoyo asije. Nikamwambia itakuwa furaha kubwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Maono alikuwa amevaa koti linalong'aa na viatu bila soksi. Palikuwa na mtu aliyevalishwa nguo za Kitasa mpya, misuli ya sponji, na kinyago kisicho na matundu ya macho, kwa uaminifu kwa mhusika. Maskini hakuona kitu. Walimwongoza kwa mkono, wakamwachia kidogo tu, akaingia kwenye meza ya vikombe. Vikavunjika kumi na kitu. Watu wakapiga makofi, walidhani ni sehemu ya onyesho.

Maono akahutubia. Nilihesabu maono kumi na moja nikaacha. Akaniita baba wa Kitasa. Akasema mataifa yana mashujaa ambao yamewasahau, na kwamba mimi nimeishi kwa unyenyekevu juu ya ngazi nikiandika majina ya vinyozi, kumbe nilikuwa nimebeba hazina. Mwandishi mmoja wa habari akafuta miwani. Nikainamisha kichwa, na watu wakaona hapo ndipo penye unyenyekevu wenyewe.

Mama Pacha alikuwa mstari wa pili, amevaa gauni alilojishonea, mkoba mapajani. Alikuwa ananitazama jinsi anavyomtazama mteja anayesema atakuja kesho kuchukua nguo.

Nikang'oa pini, nikavuta shuka.

Kwa mbali ulikuwa ubao mtupu. Niligeuka kuitazama skrini kubwa ukutani: weupe mtupu, taa zilikuwa zimeimeza bluu yote. Lakini mimi niliyesimama hatua moja nilimuona. Kitasa wetu. Koti la mvua, kitambi, viatu vilivyochakaa kisigino, mkono wa kulia umeinuliwa unakaribia kugusa mlango. Usoni sikufika kutazama, nikafungua kichupa cha wino.

Nikachovya nibu. Nilianzia viatuni, maana uso mimi huuacha mwisho, mkono ukishatulia. Mstari ukatembea. Wino ukashika. Kwenye skrini watu waliona mzee anatoa buti kwenye hewa tupu, kisha pindo la koti, kisha vifungo, bila kusita, bila kufuta, na ukumbi ukaanza kunong'ona. Maono alipoona kitambi alitabasamu kwa shida, akasema kwenye maikrofoni kwamba huu ni urithi. Wakaupigia makofi urithi.

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na raha. Raha ya kweli. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa kufuata mstari wa mtu anayejua anakokwenda. Nikasahau ukumbi, nikasahau Maono, nikapanda na koti mpaka kwenye kola, kwenye kidevu, kwenye pua.

Juu ya pua palikuwa na macho.

Macho mawili ya bluu. La kulia limefunguka kama la mtu yeyote. La kushoto, kope imelegea, imeshuka mpaka nusu.

Hapa nisimame, maana nina la kukiri tena. Hapo juu nimeandika kwamba toleo la kwanza macho niliyasahau. Nimewadanganya mara ya pili ndani ya ukurasa mmoja. Sikusahau.

Yalikuwepo. Miaka ile, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, yalikuwepo haya haya, na kope hii hii. Binti wa watu alimpa shujaa wake macho yake mwenyewe, basi. Labda kwa kuwa walimcheka kwa ajili yake. Nami nilipoyaona nilijua kitakachotokea: mhariri ataitazama ile kope sekunde mbili, ataita ofisi nzima, atasema jamani si huyu Nusu Usingizi, na saini yangu itakuwa haina pa kukaa. Nikainua nibu, nikaruka. Nikapiga wino nyusi, nikapiga wino pua, nikapaacha peupe, na kamera ikafanya kazi yake.

Alipoliona toleo limechapwa aliniuliza macho yako wapi. Nikamwambia bluu ilikuwa hafifu, nikapitiwa. Akanitazama. Kisha akacheka, akasema si neno, tutatunga kitu. Kicheko kile ndicho kilichonifanya nimpende, na nilikipata kwa uongo.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya watu mia mbili, wino unakauka kwenye nibu, na macho yale yananitazama tena. Kupiga wino ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini kwenye skrini yataonekana, na mwenye macho ameketi mstari wa pili, taa zimemwangaza, na kope yake iko vilevile alivyozaliwa nayo. Mwandishi wa habari mjinga kuliko wote angeuliza. Na kila fulana mle ndani ilikuwa imeandikwa HAONI.

Nyinyi mngefanya nini? Msijibu. Mngesema mngeyapiga wino, na robo yenu mngekuwa mnasema kweli.

Nikapiga wino nyusi. Nikaruka. Nikapiga wino paji la uso na kofia. Nikashuka chini kulia, nikatia saini.

Ukumbi ukasimama wote. Makofi, filimbi, simu juu. Hata yule wa sponji alipiga makofi, ameelekea ukutani. Maono alinikumbatia mpaka koti lake likapata wino, na hakujali. Nilipotazama mstari wa pili nilimuona Mama Pacha peke yake amekaa, mkoba mapajani, anatazama skrini.

Maono ni mtu wa kupenda kupamba. Akatangaza kwamba nyuma ya kila gwiji yuko mwanamke aliyevumilia, akamwita mama apande kupokea maua. Nikamshika mkono kumwambia mama hapendi mambo ya jukwaani. Hakusikia. Mama Pacha alikuwa ameshasimama.

Alipanda ngazi taratibu. Maua alipewa, akayaweka sakafuni. Akaenda kwenye ubao, akausogelea karibu kabisa, akautazama kuanzia viatuni kwenda juu, kama anavyokagua mshono. Akafika usoni akabaki hapo.

“Baba Pacha,” akasema, “umebakisha.”

Maikrofoni ilikuwa karibu, ukumbi mzima ukasikia. Watu wakacheka kwa upendo. Maono akamuuliza, kwa heshima zote, Gwiji amebakisha nini.

“Macho.”

Wakacheka zaidi. Maono akainama kidogo, akamweleza polepole na kwa sauti ya juu, kama anazungumza na bibi kiziwi, kwamba Kitasa hana macho, mama, na huo ndio upekee wake, ndivyo baba alivyomuumba. Akamwonyesha kikombe. Mama Pacha alimwacha amalize. Hakumkatiza hata mara moja.

Kisha akaipa maikrofoni mgongo. Akafungua kichupa cha wino nilichokuwa nimeshakifunga, akachovya nibu, akaikung'uta kwenye mdomo wa kichupa kama mtu aliyeifanya kazi hiyo jana. Akaniwekea kalamu mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake. Alisema kwa sauti ya chini, ile ya kuniambia nimeacha bomba wazi.

“Mwaka ule nilijiambia amesahau. Nikakubali kuolewa na mtu aliyesahau.” Akaninyooshea kola ya shati. “Leo bluu haikufifia, nimeikandamiza.”

Nikaitazama nibu, imejaa wino. 

Makofi yalikuwa yamekwisha. Watu walianza kukaa, kisha wakaona hakuna anayeshuka, simu zikainuliwa tena. Tone la wino lilianguka kutoka kwenye nibu likatua kwenye kiatu cha Maono. Akalitazama, akatabasamu, akanisogezea maikrofoni mpaka ikagusa kidevu.

“Gwiji,” akasema, “mama anasemaje?”